Kiti cha Mbele ni cha Mama

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Upepo wa leo Nakuru umeleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimekasirika tangu Alhamisi na sijapoa. Kama umekuja kutafuta maneno ya kutia moyo, fungua blogu nyingine.

Ni hivi. Hako kagari kangu keupe nilikonunua mwaka jana kalitoka Japani na ugonjwa wake. Na aliyeniuzia alijua.

Wacha nianze na ujinga wangu. Stika za Kijapani kwenye kioo sikuzibandua, ili majirani wajue gari limeshuka melini juzi, halijapitia mikono ya watu hapa Kenya. Kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na karatasi ya Kijapani. Ndugu Shadrack, mwenye yadi ya magari aliyeniuzia na mzee wa kanisa letu, akaniambia ni cheti cha ubora. Nikaitia plastiki. Siku gari lilipoombewa, pasta aliishika hiyo karatasi juu, na kanisa zima likasema amina.

Amina!

Basi Alhamisi mwalimu mwenzangu Chebet alikuwa anatuonyesha vile simu yake inasoma lugha za kigeni. Mimi na kiherehere changu nikakimbia kwa gari kuleta cheti, walimu wote wasikie ubora. Chebet akapiga picha, akasoma kwa sauti, kisha sauti ikapungua. Ilikuwa barua ya kampuni iliyotengeneza gari, ikimtaka mwenye gari alirudishe. Airbag ya abiria wa mbele, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, inaweza kupasuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Mtu asikae kiti hicho mpaka ibadilishwe.

Mama yangu hukaa hapo.

Kila mwezi anatoka Keringet kuja kliniki ya presha, na mimi namchukua steji. Kwetu mzazi hakai nyuma kama mbele kuna nafasi. Mume wangu mwenyewe nimemtoa kwa hicho kiti mara nyingi, nikimwambia awe na adabu. Mwezi uliopita nilimpeleka mama Gilgil kumwona dadake, malori yakitupita huku na huku, naye ameegemea dashibodi anahesabu ng'ombe za watu.

Jana nikaenda kwa yadi. Shadrack akaisoma ile tafsiri, akacheka.

"Sista, hayo ni mambo ya Japani. Hapa Kenya hiyo kitu haijasumbua mtu."

Nikamwambia sawa, kama haisumbui, ingia twende mpaka raundabauti turudi. Nikawasha gari. Akazunguka, akaupita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma.

Akakaa nyuma!

Nilimwangalia kwa kioo. Yeye akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ana gari kama langu, lake la kijivu, na kila Jumapili mkewe hushuka kutoka kiti cha nyuma. Sisi wanakwaya tumemtania sana huyo mama, tukimwita mke wa waziri. Kumbe bwana anajua kulinda wa kwake! Mama yangu ndiye hana mwenyewe, sivyo?

Alipoona nimeelewa, akaanza kubembeleza. Eti nisipige kelele, atanitafutia haraka mteja wa kulinunua hili gari na sitapoteza kitu.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu kanisani siwezi. Kwa dakika nzima nililipenda hilo wazo. Kisha nikamwona huyo mteja: mwanamke kama mimi, anafungua mlango wa mbele na kumwambia mamake, "Karibu, mum, kaa vizuri." Nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nilimtoa Shadrack garini kwa maneno ambayo sikujua bado ninayo. Waliokuwa wanaosha magari walifunga maji wasikize vizuri.

Leo asubuhi nimepeleka namba ya chesisi kwa mawakala wa kampuni hapa mjini. Wamekubali kuibadilisha hiyo airbag, lakini kifaa kinaagizwa na nitangoja wiki kadhaa. Nimetoa pia nakala za barua, ya Kijapani na ya Kiswahili. Kesho kila aliyenunua gari kwa Shadrack atapata yake mlangoni mwa kanisa, kabla ya wimbo wa kwanza. Ya kwanza nitampa mkewe. Sijui kama huwa anaambiwa kwa nini anakaa nyuma.

Kilichonishinda ni simu ya mama. Kliniki ni Jumatatu. Nimemwambia safari hii atakaa nyuma, akaniuliza:

"Kwani nimekukosea nini?"

Nimeeleza mara tatu. Akauliza sasa huko mbele atakaa nani. Nikamwambia gunia la viazi analoniletea. Akasema hivyo viazi amevilima kwa mikono yake na havijamkosea mtu. Aki mama! Nimecheka, halafu nikalia.

Jumatatu viazi vitafungwa mkanda mbele na mama atakaa nyuma amenuna. Nitapita pole pole mbele ya ile yadi nikipiga honi, mpaka Shadrack atoke nje aone ni nani hayuko kwa hicho kiti.