Karatasi Kwenye Kaptula ya Eliya

Changamwe, Jumatatu, mwezi wa sita. Vita vimeisha mwaka jana lakini daftari bado ni taabu kupata, kwa hiyo naandika nyuma ya hesabu zangu za shule.

Mvua tangu alfajiri. Nguo za juzi hazijakauka, kuni zafuka moshi tu, na mwili wangu mzito hata kunyanyua ndoo naona kazi. Naandika kwa sababu hapa mtaani hakuna ninayeweza kumwambia akanisadiki. Leo nimejaribu, nami nitafika huko.

Ni mimi niliyeishona ile karatasi.

Mume wangu Eliya hupaka grisi magurudumu ya mabehewa stesheni, na Jumamosi ni golikipa wa timu ya kanisa. Nasema "ni" kwa mazoea. Alikuwa. Timu yetu ina desturi moja ambayo watu wa Likoni na Miritini hutucheka kwayo. Kabla ya mechi wachezaji wetu husimama mstari mmoja uwanjani, hugeuza mifuko ya kaptula nje na kukunjua viganja, watu wote waone kwamba hawana kitu. Kisha Padri huomba. Maana timu nyingine, nani asiyejua, hupita kwa mganga kwanza, na wachezaji wao huingia uwanjani na hirizi mikononi na viunoni. Sisi tulijisifu kwamba twaenda na jina la Yesu peke yake. Eliya alikuwa akigeuza mifuko yake kwa madaha, akiikung'uta mpaka vumbi limtoke.

Mwezi wa nne aliteguka vidole viwili akidaka mpira, nikawa namlisha ugali kwa mkono wangu kama mtoto. Vilipopona ikawa inakuja mechi ya Miritini, na wanawake kwenye bomba la maji wakaanza maneno yao. Ati golikipa wetu amekwisha fungwa. Ati mchanga wa unyayo wake umezolewa ukapelekwa kwa mganga. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu.

Nikaomba. Niliomba nikipika, nikiteka maji, nikimwogesha binti yetu Rahel. Lakini humu nitasema kweli: maombi yangu niliyaona mepesi mno. Yakitoka kinywani yamekwisha. Mimi nilitaka kitu cha kushika.

Bibi yangu kule Rabai, kabla hajabatizwa, alikuwa akishona hirizi, nami nilimtazama mara nyingi anavyokunja na kufunga. Basi nikachukua kipande cha karatasi nikaandika kwa wino: Bwana Yesu, mlinde Eliya wangu, mikono yake na miguu yake, arudi nyumbani mzima. Nikakikunja mara nne, nikakifunga kwa kitambaa cha gauni kuukuu la Rahel, nikakishonea ndani ya pindo la kiuno la kaptula yake, upande wa mgongoni, asikijue hata mwenyewe. Nilijiambia ni maombi yale yale, tofauti yake haya yameandikwa. Kama ndivyo, mbona nilishona mlango nimeufunga?

Miritini tukashinda. Dakika za mwisho wao walipata penalti, na Eliya akaidaka.

Jumapili yake akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Eliya si mtu wa maneno. Miaka sita ya ndoa sijapata kumwona akisimama mbele za watu. Akasema kwamba alipouona mpira umewekwa pale aliogopa, akamwita Mungu moyoni, na mkono wake ukainuliwa na nguvu isiyokuwa yake. Wazee walitoa machozi. Mimi nikaitikia haleluya pamoja na wenzangu, huku najua kiunoni mwake mlikuwa na nini.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Akawa anaamka mapema kuomba kabla ya kwenda kazini. Akaacha kunywa tembo, jambo ambalo mimi na mama yake tulikuwa tumekwisha kukata tamaa nalo. Ningemwambia vipi? Kila siku niliyongoja ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na ile karatasi nikaiacha pale pale.

Juzi Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya Likoni. Mvua ilinyesha tangu mwanzo, uwanja wote matope. Mpira wa chini ukaja, Eliya akajirusha, mtu wa Likoni naye akaja na mguu, wakazoana. Walipoinuka, kaptula ilikuwa imepasuka kiunoni na kile kitambaa kiko chini kwenye tope. Yule wa Likoni akakiokota. Akakiinua juu watu wote wakione, akasema, "Kumbe na Wakristo nao." Uwanja mzima ukacheka. Sijasikia kicheko kama kile maishani mwangu, na sitaki kukisikia tena.

Padri akaingia uwanjani na mwavuli wake. Akakifungua. Jasho na maji yalikuwa yamekwisha kuula wino wote, limebaki doa la buluu tu, hakuna herufi hata moja. Akamwuliza Eliya ni nini hiki.

Eliya alikitazama kitambaa. Kisha akatazama upande wetu wanawake, akaniona. Alilijua lile gauni. Mwenyewe ndiye aliyemnunulia Rahel.

Akasema, "Ni yangu, Padri."

Wakamtoa golini, beki mmoja akasimama badala yake, tukafungwa manne. Kitambaa na karatasi vikachomwa jioni ile ile nyuma ya kanisa. Jana jina lake likasomwa mbele ya watu wote: haruhusiwi Meza ya Bwana mpaka Krismasi, na timu ndiyo basi. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, Rahel mapajani. Miguu yangu ilikuwa mizima. Sikusimama.

Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe. Nikajitanda kanga, nikapita kwenye mvua mpaka kwa Padri. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia kwa upole, akanipa kiti. Nikamweleza yote, kuanzia maneno ya bombani mpaka sindano. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanikemea, nami nilikuwa nimejiweka tayari kukemewa.

"Mama Rahel," akasema, "mume wako amekwisha kukiri kwa kinywa chake. Wewe ni mke mwema, wataka kumfunika. Lakini usiseme uongo kwa ajili yake, mwanangu."

Nikamwapia. Nikamtajia neno kwa neno nililoliandika kwenye karatasi ile. Akatikisa kichwa, akasema hayo ni maombi mazuri sana, niende nyumbani nikamwombee Eliya hayo hayo. Akanisindikiza mpaka mlangoni na kunikumbusha kwamba Jumapili watoto wananingoja kwenye mafundisho. Nimerudi na sifa, mimi. Mume wangu ana aibu yangu, nami nina sifa zake, na hakuna karatasi duniani ya kuonyesha kinyume chake.

Eliya amerudi kutoka kazini alasiri, ameloa chapa. Tangu Jumamosi alikuwa hanisemeshi, anaongea na Rahel tu. Nikampa nguo kavu, nikapiga magoti mbele yake nikamwambia nimetoka kwa Padri, sikusadikiwa. Nikamwomba radhi. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema alijua tangu alipokiona kitambaa, na aliitikia ni yake kwa kuwa mimi nafundisha watoto wa watu, wangenitoa, na yeye golikipa hupatikana mwingine. Alisema hivyo huku anajifuta miguu, kama mtu anayezungumza habari za mabehewa.

Kisha akainama kukamua suruali iliyoloa. Alipoinua uso niliona macho yake, nikajua lililokuwa likimla siku hizi mbili si uwanja wala kanisa.

"Mama Rahel," akaniuliza, "siku ya Miritini ilikuwamo?"

Mungu wangu. Nilitoka asubuhi nimeapa kwamba sitasema uongo tena. Lakini nilimtazama mtu huyu, aliyesimama mara moja tu maishani mwake akamshukuru Mungu mbele za watu. Nikimwambia ndiyo, ushuhuda wake unakuwa nini? Mkono wake uliinuliwa na nani? Kutengwa kanisani angeweza kuvumilia, niliona. Hili hangelivumilia. Angerudi kwenye tembo kabla ya Jumapili, na safari hii angekunywa akiamini kwamba hakuna anayemsikia.

"La," nikasema. "Niliishona Ijumaa hii. Miritini hukuwa na kitu."

Akashusha pumzi ndefu. Akafunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi, mabega yakamcheza, na nilipodhani analia kwa uchungu kumbe ni kwa nafuu. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumamosi, akanivuta tupige magoti pale pale sakafuni, chai haijanywewa, Rahel anatutazama.

Akaomba kwa sauti. Alimshukuru Mungu kwa Miritini. Alisema wamchukulie timu, wamchukulie na Meza, lakini penalti ile hakuna awezaye kumnyang'anya, kwa maana siku ile alikuwa mikono mitupu na Bwana akamjibu. Akaniombea na mimi nisamehewe kwa hofu yangu ya Ijumaa. Halafu akanyamaza, mkono wangu bado mkononi mwake, akinisubiri niitikie.

Nikasema amina.