Pale Mkono Wangu Usipofika

Kibokoni,
Mombasa.
12 Ramadhani 1365
(10 Agosti 1946)

Mpendwa mdogo wangu Tumu,

Salamu zikufikie huko Unguja, wewe na shemeji Jaffar, nyingi kuliko chembe za tasbihi yangu. Je, kifua chako kimetulia? Na funga inakwendaje? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila bega.

Bega la kulia limenishika tangu Rajabu. Maumivu huanzia katikati ya mgongo yakapanda shingoni. Nilikwenda hospitali, na dresa mmoja, mfunga vidonda, jina lake Kahindi, mtu mzima wa Rabai, akanipa chupa ya dawa ya kuchua. Nikamuuliza, dawa ya nje itaponyaje kitu cha ndani? Akanionyesha mtungi wa maji uliokuwa pale mlangoni.

"Mama, mtungi huu hauna tundu, mbona nje umelowa? Ngozi nayo ina vijitundu usivyoviona. Maji huteleza juu yake, lakini dawa yenye mafuta hupenya polepole hata ikafika damuni. Ukichua kwa kiganja chenye joto, unaifungulia mlango. Ila usiifunge kwa kitambaa cha moto, itaingia kwa pupa ikuunguze."

Maneno hayo, Tumu, ndiyo yaliyonitia mashakani. Siku ya tatu ya Ramadhani nilijichua baada ya adhuhuri, punde nikahisi uchungu wake kooni. Nikasema, masikini mimi, imeshafika damuni, nimekula mchana! Nikaificha chupa kabatini, na siku zile nilizojichua nikaziweka za kulipa. Wa kumuuliza sina. Tangu Mwanaesha wangu aolewe Lamu, nyumba hii nikipiga chafya hapana wa kunambia hata neno.

Mkono ukazidi. Juzi nilisimama kusali alasiri, haukupanda kwa takbira. Nililia, nduu yangu, nikiwa papo hapo juu ya mswala.

Jana nikajikaza, nikavaa buibui langu, nikaenda kwa Maalim Sheikhan. Alicheka mpaka kofia ikamlegea.

"Bi Khairiya, kama ngozi ni mdomo, basi kila anayeoga mchana amefuturu kabla ya mzinga wa magharibi!"

Kisha akanieleza kwa upole kwamba kilichopita ngozini si chakula wala kinywaji, funga zangu ziko salama, na kujitesa si ibada. Nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyetuliwa mzigo.

Nikaitoa chupa. Begani napafikia, sikatai. Lakini pale katikati ya mgongo, penye mzizi wa maumivu yenyewe, mkono wangu haufiki. Nilifunga kitambaa kwenye mwiko nikajichua nao, dawa ikaishia kwenye kanga. Mwiko hauna joto, Tumu. Bibi jirani yetu, ambaye ningemwomba, amehamia Malindi kwa mwanawe, na waliopanga kwake ni wageni. Kuwafunulia mgongo naona haya.

Nikakukumbuka nilipomzaa Mwanaesha, ulivyonichua kwa mafuta ya simsim siku arubaini, huku ukinitukana: "Mgongo mpana kama mlango wa forodha, nitaumaliza lini?" Nilicheka peke yangu jikoni.

Ulisema utakuja vita vikiisha. Vimeisha, mwaka sasa, na meli zinakwenda. Sikulaumu, una mume na nyumba. Ila nifikishie ombi kwa shemeji, kwa heshima zote: baada ya Idi anipe mdogo wangu, japo kwa wiki mbili. Mwambie nitamrudisha mzima.

Nisalimie Mwanakhamis na wanawe, na kila anayeniulizia. Mola aikubali funga yako, na aniweke nikuone kwa macho haya.

Dawa ya begani nimeshaitumia, imefika nusu ya chupa. Nusu iliyobaki ni ya mgongo. Nimeifunga kizibo, siigusi, mpaka kiganja chako kifike.

Ni mimi dada yako akupendaye, nikuombeaye kila sala,
Khairiya binti Aidarus