Ile Sauti Tumboni Mwako

Dada Masika,

Nakuandikia kutoka nyumba ya reli hapa Kasese. Ni mchana, watoto wangu wameenda shule, na maharage yapo jikoni yanachemka bila chumvi, kwa amri ya daktari. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonifundishia biashara pale soko la mpakani Mpondwe, na pia kwa sababu Mama hawezi kuisoma. Leo sitaki Mama asome. Jumatatu napanda treni kwenda Kampala kupasuliwa. Ni ule mshipa wa figo, dada, ule ule wako.

Kichwa kilianza kuniuma nilipojifungua mtoto wa pili. Sikumwambia mtu. Nilichukua kitambaa chako chekundu, nikakifunga kama ulivyokuwa ukikifunga wewe, fundo kisogoni, mpaka ngozi ya paji inavutika, nikaendelea na kazi zangu. Mume wangu hukumjua. Ni karani wa reli, mtu wa Voi, mpole, anapenda chai kupita kiasi. Aliniuliza mbona kila siku nimejifunga kama mtu wa kwenda msibani. Nikamjibu ovyo. Nilijua nina nini, ila sikutaka kuambiwa.

Wewe uliteswa na kichwa hicho miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuuliza sababu. Mganga wa kule juu Bwesumbu alikuchanja wembe kwenye panja zote mbili, akapaka dawa yake nyeusi, na kila ulipopata nafuu ya wiki moja tukamsifu. Ni yule daktari Mzungu wa hospitali ya huku kwetu aliyekupima presha, akarudia, akakunja uso. Kisha akakulaza chali. Kifua akakiacha, mipira yake ya kusikilizia akaiweka juu kidogo ya kitovu, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka wodi nzima ikageuka kutazama. Na wewe ulikuwa mjane! Kavira, jirani yako wa soko kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekuja kukuona na kikapu cha maparachichi, akashindwa kujizuia: "Munganga anasikiliza tumbo juu ya nini? Mutoto iko mule, tusidanganyane!"

Siku hiyo hiyo Mpondwe yote ikajua una mimba. Mama akaanza kuuliza baba ni nani. Ulicheka hadi ukashika kichwa kwa maumivu, na ukaniomba nisiwasahihishe upesi, uone kwanza watamtaja nani.

"Si mtoto," daktari aliniambia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa natafsiri. Akanitia ile mipira masikioni. Nikasikia fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Akasema ni damu inayopita mahali pembamba. Mshipa unaoipeleka kwenye figo la kulia umebana. Figo linapata damu kidogo, linadhani mwili mzima umepungukiwa, basi linapandisha presha ya mwili mzima ili nalo lifikiwe. Nilipokutafsiria ulisema, "Kumbe lina tabia ya Kavira akikosa wateja."

Kampala walikuingizia mpira mwembamba kwenye kinena, wakamimina dawa ya kupigia picha, ukasema umehisi kama umekalia jiko. Picha ikaonyesha pale pembamba. Na yule daktari wa upasuaji, Mungu ambariki, hakutupaka asali. Alisema atachukua kipande cha mshipa mguuni mwako, akishone kutoka mshipa mkubwa wa mwili hadi kwenye figo, damu ipate njia nyingine. Alisema mshipa mkubwa si wa kuchezea. Mahali pa kushona panaweza kuvuja au kuziba, moyo unaweza kuchoka ukiwa mezani, na wengine hawaamki kabisa. Ukaniambia nimuulize, na nikikaa hivi hivi? Akajibu kwamba vidonge vitasaidia kidogo, lakini siku moja utapooza, au macho yatakufa, au figo lenyewe. Hukuomba siku ya kufikiri. "Mwambie apasue. Nimechoka kujifunga kichwa kama mzigo wa vitenge."

Uliamka. Hilo watu wa nyumbani wanalisahau, wanasimulia kana kwamba ulifia kwenye kisu. Uliamka, ukauliza kama Kavira anauza vitenge vyako kwa bei ya kutupa, ukasema kichwa ni chepesi. Daktari akasikiliza tumbo lako, akatabasamu, akanipa mipira. Ile sauti haikuwepo. Nilisikia tumbo lako likinguruma kwa njaa, basi. Ulikaa siku mbili bila kitambaa, na mimi sikuwahi kukuona kichwa wazi mchana tangu utotoni. Siku ya tatu mshono wa ndani ukavuja. Walikurudisha mezani mbio na hawakuweza kukurudisha kwangu. Nilisafiri nawe kwenye lori mpaka Bwera. Sitaki kuandika zaidi kuhusu safari ile.

Sasa yaliyobadilika. Wahindi wameondoka, maduka mengi ya Kasese yamefungwa au yamepewa watu wasiojua bei ya sindano. Sukari tunaisikia kwa jina. Njia ya Mpondwe ina askari, na ukifika na mzigo ni "Wewe mama, weka chini! Fungua!" hata kama umebeba mihogo. Kavira bado yuko, ameongezeka mwili, na anamwita kila askari afande mpaka wanamwachia apite. Vitenge vyako hakuvitupa. Alivigawa kwa watoto wako wakubwa, haki yao yote.

Nami nina binti. Mume wangu alitaka jina la mama yake, lakini Mama akasema wa kwanza wa kike ni Masika, hakuna mkutano. Kwetu ndivyo ilivyo, kama nilivyo Biira kwa kuwa nilikuja wa pili nyuma yako. Kwa hiyo simwiti hivyo kwa ajili yako. Lakini miezi ya mwanzo nilipomwita sauti ilinikatika, na mume wangu akawa anamwita "mtoto" tu, kunisaidia.

Mwaka huu macho yalianza kuona vibaya, nikaenda kupimwa hospitali ya Bwera nilipokwenda kumsalimu Mama. Kijana mganga msaidizi alipima presha akashtuka. Nikamwambia, "Sikiliza hapa," nikamwonyesha juu ya kitovu. Akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Dada, nilicheka peke yangu pale kama mwehu. Akasikiliza, akaacha kuandika. Nikamwomba mipira.

Fuu, fuu, fuu.

Nilikuwa nimesahau sauti yako ya kuongea. Nakiri hivyo. Nakumbuka maneno, lakini sauti yenyewe ilikuwa imenitoka. Hii nyingine sikuwa nimeisahau hata kidogo. Nililia, kijana wa watu akadhani ni hofu ya ugonjwa, akaniletea maji. Tangu siku hiyo kila nikienda Bwera kupima presha namwomba nisikilize tena. Anafikiri nafuatilia ugonjwa wangu kwa makini. Nakusikiliza wewe.

Nilimpeleka na Masika mdogo asikilizwe, maana niliambiwa mambo haya yanaweza kufuatana katika ukoo. Hakuna kitu, ni uji tu unaotembea. Tumshukuru Mungu, na tutamsikiliza tena mwakani.

Yule daktari wako wa upasuaji amerudi kwao na wageni wengine. Aliyebaki Kampala ni Mganda aliyekuwa akimshikia vyombo siku yako. Anakukumbuka. Alisema presha ilikuwa imekaa nawe muda mrefu mno, kuta za mishipa zikaharibika, ndiyo maana mshono haukushika. Kwangu haijakaa hivyo. Nikamuuliza, basi nitapona? Akasema hawezi kuniahidi, hatari ni zile zile ulizoambiwa wewe, ila angekuwa mimi angekubali. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Mama hataki. "Masika nilimtoa. Biira simtoi." Amekataa kula kwangu mpaka nibadili nia. Mume wangu anasema mwili ni wangu, kisha anatoka nje kunywa chai yake amesimama. Naogopa, dada. Naogopa ile meza, na zaidi ya meza naogopa siku ya tatu. Na kuna jambo jingine ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote anayetembea: wakifanikiwa, ile sauti itakwisha, na sitakuwa na mahali pengine pa kukusikia. Wiki nzima nilitaka kukataa kwa sababu hiyo. Ndiyo ujinga wa mdogo wako.

Halafu jana Masika mdogo alikichukua kitambaa chako, akajifunga kichwani akicheza, fundo kisogoni, akajishika panja na kukunja uso. Alikuwa ananiigiza. Nilimvua haraka mpaka akalia. Hapo ndipo nilipomtuma mume wangu akanikatie tiketi.

Basi kwaheri, dada yangu. Nisipoamka, wataniweka kando yako, nawe usivute blanketi lote kama zamani. Nikiamka nitaomba ile mipira nisikilize, na nikikuta kimya nitalia kidogo, kisha nitaomba chakula. Siku ya tatu ikipita na ya nne ikapita, nitakuja Bwera kukuona. Nakuahidi kitambaa chako nitakuja nacho mkononi.

Mdogo wako,
Biira