Pikipiki Iliyomkaa Gédéon

Yaya wangu Orpha,

Nakusalimu kutoka huku ugenini, Stechford. Ruben ameota jino, na neno lake la kwanza ni "no" ya Kizungu! Sisi wazima, ila nahitaji maombi yako.

Gédéon alitafuta pikipiki ya kumpeleka kazini Nechells. Zile Honda kubwa ambazo kila kijana hapa anazitaka zilimshinda. Unamjua shemeji yako alivyo mfupi, miguu ilining'inia. Nikamwambia, "Papa Ruben, usinunue sifa za watu. Nunua inayokutosha."

Tukaipata Sutton Coldfield, kwa mama mjane. Marehemu mume wake alikuwa amekishusha kiti. Gédéon alipokaa, nyayo zikatulia chini vizuri kabisa. Yule mama akalia, akamvalisha na jaketi ya marehemu. Ikamkaa kama kashonewa yeye. Tukaondoka hivyohivyo, Yaya, bila kuvinyunyizia maji na kuviombea, vile mama yetu alivyotufundisha kuhusu vitu vya wafu. Nilidhani wafu wa huku hawana mambo hayo.

Sasa akitoka kazini anajikuta Sutton Coldfield. "Sijui nilikata kona wapi," ananiambia. Anakunywa chai bila sukari, yeye! Juzi nilimpa Ruben ampakate, akamtazama kama mtoto wa jirani.

Jana hakurudi. Nikampigia yule mama simu, nikamwambia tunamrudishia pikipiki yake. Akanijibu kwa upole, "Usijisumbue, binti. Ameshaileta, na sasa anakula."

Tuombee. Leo namfuata na mtoto mgongoni, naye atatujua.

Mdogo wako,
Jeannine