Damu ya Asiyeumwa

Rumana, acha kila kitu usome.

Unakumbuka enzi zako hapa maabara? Tukipima damu za wagonjwa wa saratani ya damu waliogomewa na vidonge, lazima tuweke na ya mtu asiyeumwa, ya kulinganishia.

Juzi Profesa Iftekhar akakunja mkono wa shati. "Chukueni yangu. Mimi mzima kama ng'ombe wa Idi."

Na mdomo wangu huu nikamjibu, "Ng'ombe wa Idi si huchinjwa, Profesa?" Tukacheka wote.

Damu yake imetoka na saratani.

Nikasema nimechanganya mirija. Nikarudia. Nikarudia tena. MARA TATU, Rumana!

Na si saratani tu. Ina lile badiliko la vinasaba linaloshinda vidonge, lile tunaloliona kwa watu waliomeza dawa miaka. Miaka!!

Nikaenda kumwambia. "Profesa nisamehe, nadhani nimeharibu kipimo, damu yako inaonyesha saratani sugu."

Hakushtuka. Aliweka chini sambusa yake ya singara, akafunga mlango.

Hakuuliza nimekosea wapi.

Aliuliza, "Kwa hiyo hata vidonge hivi ninavyomeza sasa vimegoma?"