Mfuko Mmoja kwa Wanawake Kumi na Wawili

Singida Mjini,
9 Desemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima na mguu umeacha kukusumbua. Wasalimie wote hapo Kinampanda. Mimi mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Usishangae kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Maneno haya nataka yasomwe mbele ya watu, na simu ikishakatwa hakuna atakayekuamini.

Kaka Andrea amenieleza kwamba kikundi chenu cha kulimiana kimeruka zamu yako. Wenzako kumi na mmoja, ambao umewalimia mashamba yao tangu mvua ya kwanza, wamepita kando ya shamba lako na majembe mabegani bila hata kukusalimia. Imeniuma, Mama. Miaka yote hiyo nani alikuwa wa kwanza kufika shambani kwa mwenzake? Leo mama mkubwa Amne, mwenyekiti wenu, anasimama na kusema umekula mbegu za wenzako!

Ati ushahidi ni simu yako. Kweli, zimo meseji kumi na mbili zinazosema mfuko wa mbegu za alizeti umekabidhiwa kwa Klara, yaani wewe, na mfuko ulioshuka ni mmoja. Lakini meseji hizo hakuna mtu aliyeziandika. Hapa kwenye kampuni ya mbegu tuna mfumo wa kompyuta unaojiendesha wenyewe kuhudumia wateja. Mteja akiandikishwa, unamkaribisha. Mvua ikikaribia, unamkumbusha kuagiza. Akiagiza, unampangia gari, na mzigo ukishuka unamuuliza kama ameridhika. Haumjui mtu hata mmoja. Wiki ile ile uliyotengwa ulikutumia pongezi za mteja bora! Nilitamani kuitupa ile kompyuta dirishani.

Unakumbuka nilivyowaandikisha ninyi nyote wa kikundi kwa namba yako, kwa sababu kijijini simu ya mmoja ni ya wote. Mfumo ukakuta majina kumi na mawili na namba moja, ukawafanya mtu mmoja. Mtu mmoja hupewa mfuko mmoja. Ulipokabidhiwa huo wako, oda zote zikafungwa, zikahesabiwa zimefika.

Nilimwendea meneja wetu, Bwana Fredrick, nikamwomba aandike barua ya kukusafisha. Akanijibu kwamba mifuko kumi na moja itatumwa Alhamisi na gari la dereva wetu Gasto, ila kampuni haiandiki makosa yake kwenye karatasi, na wakulima wakishapata mbegu husahau. Husahau! Mbegu zitaota, je, jina lako nalo litaota? Nilimwambia nitaandika mwenyewe. Akasema nikiandika nisirudi ofisini. Basi, naandika.

Sasa kaa chini, Mama. Nimemlaumu meneja, nimemlaumu mama mkubwa, nimeilaumu na kompyuta, na neno lenyewe bado sijalisema. Mfumo haukujiamulia. Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza kama watu wenye namba moja ni mtu mmoja. Nikachoka kuulizwa. Nikabonyeza “Ndiyo, siku zote, usiniulize tena.” Ni mimi, Mama. Na nililigundua kosa hilo siku kumi kabla ya zamu yako. Ningetuma neno moja tu, wenzako wangekuja kulima. Nikanyamaza, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa unasubiri kuongezwa. Ijumaa nimeusaini. Nimejiona mchafu tangu hapo.

Mpe mama mkubwa Amne barua hii aisome kwa sauti mbele ya kikundi, asiruke mstari. Wakiuliza nani amekuharibia jina, usiseme ni kompyuta. Sema ni binti uliyemzaa, na kwamba alijua.

Nisalimie kaka Andrea na watoto wake. Nitafika Jumamosi, nianze kulima upande wa mtoni. Ukiona vema kunipokea, niwekee jembe nje ya mlango. Nisipoliona nitaelewa, nitaazima kwa jirani.

Ni mimi mwanao,
Agripina