Kwa Baba, Kuhusu Wino wa Ngozi

Baba,

Najua ungeanza kwa kuuliza kama nimekula. Nimekula. Mama pia amekula, yuko pale pale Kianda, na bado anagombana na mwenye nyumba juu ya maji. Sasa nikupe habari.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuambia nimepata kazi? Nilikukuta kwenye kibanda chako cha Kawangware, umeinamia tisheti za mazishi, wino mweusi umekupanda hadi viwikoni. Nilikuwa nimetoka chuo na kichwa kimevimba kidogo, nikakwambia kwa madaha kwamba nimeajiriwa kwenye maabara, na kazi yangu ni kuchapa ngozi. Uliweka raba yako ya kusukumia wino chini ukanitazama.

"Kuchapa ngozi ya nani, Mayi? Kwani umeingia polisi?"

Uliniita Mayi tangu nizaliwe kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na mimi sikuwahi kuzoea kukemewa na mtu anayeniita mama. Nilicheka hadi nikatafuta mahali pa kukaa. Wewe hukucheka. Mtu aliyechapa tisheti maisha yake yote, neno la kazi yake mwenyewe lilimpita, akaona kiboko tu. Kabla sijakueleza vizuri ulikuwa umeshawaambia majirani. Jioni mama mwenye nyumba akanisimamisha langoni, akaniuliza kwa upole kama hao ninaowachapa ni watoto, maana siku hizi hairuhusiwi.

Basi nikakueleza kwa lugha ya kibandani. Nikasema sisi pia tuna mashine na tuna wino, ila wino wetu ni jeli. Tunaitoa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, tunaichanganya na ute wa mwani wa baharini, kisha tunatia ndani yake seli, zile chembe hai zinazojenga mwili wa mtu. Mashine inausukuma wino huo kupitia sindano, mstari juu ya mstari, mpaka upate kipande cha ngozi. Ulisikiliza hadi mwisho, ukauliza jambo moja tu, kama huo wino ni mzito au mwepesi.

Hapo nikajua tumeelewana. Shida yetu yote iko hapo. Wewe uliijua tangu zile tisheti za kwaya, ulipozimua wino ili utoshe, na herufi zikatambaa mpaka hakuna aliyeweza kusoma jina la kanisa. Jumapili wakaimba wamezigeuza ndani nje, na wewe ukajificha nyuma ya nguzo. Wino wetu ukiwa mwepesi unatambaa vivyo hivyo. Ukiwa mzito hautaki kutoka kwenye sindano, na ukiulazimisha, seli zinabanwa na kufa njiani. Kwako kosa liliishia kuwa matambara ya kupangusia meza. Kwetu unachapa kitu kizuri, mistari imenyooka, halafu kesho yake unakuta kimekufa chote.

Hukuniuliza kwa nini nilichagua kazi hii. Ulijua.

Mdogo wangu Nafula alikuwa darasa la pili stovu ilipolipuka. Ulimbeba ukikimbia bila viatu mpaka kituo cha matatu cha Olympic kutafuta gari la hospitali, na mimi nyuma yako na kikombe cha maji ambacho hata sijui nilikichukua cha nini. Alipona, lakini kovu la shingoni lilikaza, likamvuta kidevu upande wa bega la kushoto. Akiitwa, ilibidi ageuke mwili mzima. Shuleni wakasema anaringa, eti haangalii watu. Kitinda mimba wako, mtoto aliyekuwa akicheka hata na kuku, akaanza kukaa pembeni kabisa kanisani, upande wa kushoto ukiwa ukutani.

Siku moja, tukishuka njia ya Nyayo Highrise, ukaniambia ngozi yetu ikishachapwa, wa kwanza awe Nafula. Nilikwambia ukweli, Baba. Nilikwambia hiyo ni kazi ya miaka, kwamba kabla ya mtu kubandikwa ngozi kama hiyo kuna majaribio mengi, na huenda sisi tusiione.

"Basi chapeni haraka," ukasema.

Hatukuchapa haraka ya kutosha wewe uone kabla hatujakuzika. Hilo linaniuma, nisikufiche. Kila nikishika sindano nakukosa.

Lakini kuna mambo mawili hujayasikia. La kwanza, Nafula amefanyiwa upasuaji wa shingo. Madaktari walilegeza lile kovu, wakachukua ngozi nzuri ya pajani wakaipandikiza pale. Anageuza shingo sasa, anageuza hata pasipo na kitu cha kuangalia, mpaka Mama anamwambia apumzike. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji aliuliza kama kile kipande kidogo cha ngozi ya paja kitakachobaki kinaweza kuja kwetu maabara. Mimi nilikaa mbali na jambo hilo, daktari anayetuongoza maabara ndiye aliyezungumza naye. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe hatafaidika na chochote. Nafula akamwambia, "Najua, dokta. Chukueni tu."

La pili ndilo lililonifanya nikuandikie. Tulizikuza seli zake, tukazitia kwenye wino tulioupika wenyewe, wa ng'ombe wa hapa na mwani wa pwani yetu. Wino wa kwanza ulitambaa. Uliofuata uliziba sindano. Niliogopa, Baba, kwa sababu safari hii hazikuwa seli za mtu nisiyemjua. Kila zilipokufa nilirudi nyumbani nikala na Nafula sahani moja bila kumwambia. Tukapunguza jeli, tukaongeza mwani, tukapunguza nguvu ya kusukuma. Tukachapa kipande kidogo kama kifungo cha shati, tukakiacha.

Kilikaa. Siku zikapita na kikakaa.

Nikamwita Nafula aje. Kuna rangi tunayotia inayofanya seli zilizo hai zing'ae kijani na zilizokufa nyekundu. Nikamwonyesha pa kuweka jicho kwenye hadubini, na akainamisha shingo pekee, bila kugeuza bega. Kulikuwa na nyekundu chache hapa na pale. Kwingine kote kijani. Nilianza kumweleza kwamba hii si dawa bado, kwamba njia ni ndefu, kama nilivyokueleza wewe. Hakunisikiliza. Aliangalia mpaka nikadhani amelala.

"Kwa hivyo huyu ni mimi," akasema, jicho likiwa palepale.

Nikamwambia ndiyo, ni seli zako.

"Ni mimi, na hajawahi kuungua."

Pumzika vizuri, Baba. Kazi inaendelea.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Mayi